Kitambulisho cha Fundi wa Taipureta

Nafula wangu,

Naandika saa tisa mchana, wewe ukiwa Kenyatta Market unasukwa nywele. Umesema utarudi saa kumi na mbili, na kwa kuwa nakujua, hiyo ni saa moja na nusu, kwa hiyo nina muda wa kutosha. Nimeketi kwenye kitanda chako kwa sababu meza imejaa vitu vyako. Sanduku limeshafungwa, limepimwa kwa mizani ya muuza makaa, na Mama Kevo wa nyumba ya mbele amekuja mara mbili kuuliza kama ni kweli mtu anaweza kupewa digrii ya usoja. Nimemwambia ni kweli kabisa, na kwamba ukimaliza utarudi kumpekua mkoba wake kila Jumapili akitoka kanisani.

Sitakwambia uvae sweta. Mambo ya baridi, ya wanaume, ya sala na ya chakula tumeyazungumza mpaka ukaanza kunijibu kwa kope. Nataka kukwambia jambo moja tu. Ni refu na ni baya, na ukishalisoma huenda usitake kuniita mama kwa muda. Nimelifikiria hilo miezi minne mizima nikaona ni heri unichukie ukinijua kuliko umpende usiyemjua.

Unakumbuka siku uliponisomea ile insha uliyoituma kwenye chuo cha Marekani? Ulikuwa umetoka saiba, kule kwenye kompyuta za kukodi, na karatasi zako, ukasimama mlangoni mwa jikoni, ukawa unasoma Kiingereza halafu unasita kunitafsiria kana kwamba mimi sikupita shuleni. Nilikuacha kwa sababu nilipenda sauti yako. "Mama yangu ni mlinzi," ulisoma. "Siku moja gaidi aliingia mbio kwenye jengo alilokuwa akililinda, akiwa na mfuko. Mama hakuwa na bunduki wala kirungu. Alimzuia kwa sauti yake." Ukaendelea kusema hapo ndipo ulipoamua kusomea usalama wa nchi, somo jipya ambalo hata mwalimu wako mkuu alikuuliza ni kitu gani. Mimi niligeuka nikaanza kuosha sufuria iliyokuwa safi. Ukanijia nyuma ukanishika kiuno.

"Mum, unalia? Si ni stori yako tu."

Nilikwambia ni vitunguu. Hakukuwa na kitunguu siku hiyo, Nafula. Tulikuwa tunachemsha mahindi.

Hakuwa gaidi. Alikuwa fundi wa taipureta, jina lake Elija Mutua, mkaaji wa Kawangware. Na alipokuwa akiuawa, kitambulisho chake nilikuwa nacho mimi, mfukoni mwa koti langu la kazi.

Nianze mbali kidogo ili uelewe, si ili unihurumie. Siku ya lile bomu la mjini, la ubalozi wa Marekani, nilikuwa mfagiaji kwenye ofisi mtaa wa pili kutoka pale. Wewe ulikuwa mdogo, na baba yako alikuwa ameshatuacha. Nilisikia mshindo wa kwanza nikakaribia dirisha kuchungulia, kama walivyofanya wengine wote, halafu dirisha likaingia ndani. Msichana aliyekuwa akipiga chapa karibu nami aliketi palepale kwenye kiti chake, vidole juu ya mashine, na kioo kimemwingia shingoni. Niliishika shingo ile kwa kitambaa cha kufutia meza mpaka nikahisi damu imeacha kusukuma. Nilishuka ngazi nikikanyaga watu. Sikuwahi kukwambia hilo pia. Nilikanyaga mkono wa mtu, ukavunjika chini ya kiatu changu, na sikusimama.

Baada ya hapo kila jengo mjini lilitaka soja mlangoni, na walitaka wanawake kwa sababu mwanamume hawezi kupekua mkoba wa mwanamke. Nikaajiriwa. Mafunzo yalikuwa wiki mbili kwenye uwanja wa vumbi: kupiga saluti, kuandika kitabu, kusimama bila kuegemea. Mkuu wetu tulimwita Sajini kwa sababu alikuwa ametoka jeshini, na hakupenda tuulize alitokaje. Siku ya mwisho alitupanga mstari akatufundisha kitu ambacho nakihesabu kuwa elimu yote niliyowahi kupewa kuhusu usalama.

"Ukiona mtu huelewi, usiwahi kusema bomu," alisema. "Ukisema bomu, watu wanatoroka, wanakanyagana kwa ngazi, halafu huyo mtu anabaki na wewe peke yako. Sema mwizi. Ukisema mwizi, watu wanakuja."

Tulicheka. Lakini kila mmoja wetu alijua ni kweli, maana sote tulikuwa tumeona inavyokuwa mjini mtu akiitwa neno hilo.

Jengo letu lilikuwa la ghorofa tisa. Kazi ilikuwa hivi: mgeni anapanga foleni, nampekua, nampitishia kile kifaa cheusi cha kupimia chuma, ambacho kiliharibika mwezi wa kwanza kikabaki na kitufe cha mlio tu, na ikawa kazi yetu kukibonyeza kila tukimshuku mtu. Halafu anaandika jina kwenye kitabu, anaacha kitambulisho, anapewa beji ya plastiki. Akitoka anarudisha beji, anaandika saa ya kutoka, anachukua kitambulisho chake. Kila kitambulisho kilichosalia jioni lazima kipelekwe kwa Sajini na kiandikwe kwenye kitabu cha matukio. Hiyo ndiyo sheria ambayo sikuifuata.

Jumatatu moja Elija Mutua alikuja na mfuko wa turubai wa buluu. Alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, mfupi, mwenye wino mweusi kwenye kucha. Alikuwa amekuja kutengeneza mashine ya wakili wa ghorofa ya nne. "Madam, hii yangu italia mpaka ikuchoshe," aliniambia akifungua mfuko, kwa kuwa ulijaa chuma kitupu. Nilimwambia mashine yangu hailii siku hizi ila nikiifinya. Akacheka. Nakwambia hili ili ujue tulicheka pamoja, mimi na yeye.

Alimaliza kazi baada ya saa kumi na moja, mlango wa mbele ulipokuwa umefungwa, akatolewa kwa mlango wa nyuma. Kitambulisho chake kikabaki kwenye droo yangu. Nilipaswa kumtafuta Sajini, lakini alikuwa amekwenda zake, na mimi nilitaka kuwahi nyumbani. Nikakitia mfukoni. Nilijiambia nitakiandikisha kesho.

Kesho yake, saa nne asubuhi, polisi walikuwa mtaani na lori lenye wavu, wanakamata kila asiye na kitambulisho. Wewe wa juzi huwezi kujua hofu ile ilivyokuwa. Ungeona watu wazima wenye tai wakivuka barabara mbio kama watoto. Na Elija alikuwa anakuja kwangu kuchukua kitambulisho chake, na polisi walimwona, wakamwita, naye akafanya hesabu ambayo mtu yeyote angefanya: mlango ule pale, kitambulisho changu kiko ndani, nikikifikia nimepona. Akakimbia.

Mimi niliona mtu anakuja mbio na mfuko, akapita foleni nzima, akanijia mimi moja kwa moja mkono umenyooshwa. Nilipiga kelele. Nilisema mwizi, kama nilivyofundishwa.

Sasa sikiliza, kwa sababu hapa ndipo insha yako na ukweli vinapoachana. Nilimtambua kabla sijafunga mdomo. Niliona zile kucha. Alikuwa anasema, "Madam, ID yangu, nipee ID." Lakini watu walikuwa wameshakuja.

Wa kwanza alikuwa muuza magazeti, akamkata miguu kwa teke. Wa pili alikuwa mpiga rangi viatu, na alikuja na kisanduku chake cha mbao. Karani wa benki ya jirani, kijana msafi aliyenisalimia kila asubuhi, alimpiga mwavuli mpaka ukakunjika, halafu akaendelea na kiatu. Mwanamke niliyekuwa nikimpekua aliunyakua mkoba wake kutoka mikononi mwangu akaenda kumpiga nao. Hawakuwa wahuni. Walikuwa watu niliowaandika kitabuni kila siku, najua majina yao mpaka leo.

Elija hakuomba msamaha, maana hakuwa na kosa. Alikuwa ananionyesha kidole. "Muulizeni madam. Muulizeni huyo madam, ananijua." Alisema hivyo mara nyingi, meno yakimtoka. Na kuna mwanamume mmoja, alikuwa ameinua jiwe la kando ya barabara kwa mikono miwili, akasita. Akanigeukia.

"Madam, unamjua?"

Palikuwa na maneno mawili tu ya kusema. Mgeni wetu. Ningesema hivyo yule mtu angetua jiwe lake. Lakini Sajini alikuwa nyuma yangu, amefurahi, ananigonga bega, na kitambulisho kilikuwa mfukoni ambako hakikupaswa kuwa, na niliogopa macho yale yote yasije yakanigeukia mimi. Nilifikiria kazi yangu. Sijui kama ningefikiria kitu kingine kama ningekuwa na dakika nzima, lakini sikuwa nayo. Nilitikisa kichwa.

Sitakuandikia jiwe lilifanya nini. Nilisikia. Bado nalisikia kila mtu akiangusha furushi sakafuni, na sasa umejua kwa nini nilikuwa nakukaripia ukirusha mkoba wa shule.

Polisi walipofika, mmoja alimwaga ule mfuko chini: bisibisi, springi, chupa ya mafuta, utepe mweusi wa taipureta uliofunguka ukasambaa kwenye damu. Mtu akasema hizo ni waya za bomu. Kufikia saa saba mchana mwizi alikuwa amegeuka gaidi, na mimi nilikuwa nimeokoa ghorofa tisa za watu. Tuliosha ngazi kwa sabuni ya unga. Mimi ndiye niliyeshika ufagio, kazi yangu ya zamani. Na kabla ya kufunga siku, nilikifungua kitabu cha wageni kwenye ukurasa wa Jumatatu, nikatafuta jina la Elija Mutua, na pale pa saa ya kutoka nikamjazia kwa mkono wangu: saa kumi na moja. Pembeni nikamwekea saini. Mwili ulipelekwa mochari bila jina, kwa sababu jina lilikuwa kwenye koti langu lililotundikwa nyuma ya mlango wetu hapa Woodley, karibu na sare yako ya shule.

Wiki hiyohiyo uliingia nyumbani mbio, mkoba mgongoni, unapiga kelele kwamba umekuwa wa tatu darasani. Nilikuchapa kwa waya wa pasi. Ile alama ya kwenye shavu la mguu wako ndiyo hiyo. Miaka yote umeamini nilikupiga kwa sababu ulikuwa umechana soksi. Sikuona soksi. Niliona mtu anakuja mbio na mfuko, mikono yangu ikafanya kazi kabla ya kichwa. Nisamehe kwa hilo kwanza, maana hilo ni lako.

Siku ya nne, mkewe alikuja. Alipanga foleni kama watu wengine. Alikuwa na kitenge kilichoshonwa vizuri sana, na nilipompekua nilikuta futi ya fundi nguo kwenye mkoba. Akaniwekea kitambulisho mezani. Beatrice Mutua. Nilikitia kwenye droo ileile kilimokaa cha mumewe.

"Natafuta mzee wangu," alisema. "Alitoka Jumanne akaniambia anapitia huku kuchukua ID yake, alikuwa ameisahau."

"Hapa hakuna ID ya mtu," nilimwambia. Nikamfungulia kitabu, nikamwekea kidole. "Angalia. Alitoka Jumatatu saa kumi na moja, akachukua, akasaini."

Alilitazama lile jina muda mrefu. Alijua mwandiko wa mumewe, bila shaka, lakini saini ni saini na mimi nilikuwa mtu mwenye sare. Halafu akainama akanong'ona.

"Na nimesikia kuna mtu aliuawa hapa Jumanne. Nilikuwa nataka kwenda kuangalia mochari."

"Huyo alikuwa kijana mdogo," nilisema. "Miaka ishirini hivi. Gaidi."

Nafula, yule mama alinishukuru. Alisema asante Mungu, akanishika mkono. Akapanda ghorofa ya nne kuuliza, wakamwambia kazi ilikwisha Jumatatu. Aliposhuka nilimrudishia kitambulisho chake kwa mikono miwili. Hakwenda mochari. Mumewe alizikwa na wale wasio na wenyewe.

Mimi nilipewa cheti. Ndicho kile kilicho ukutani, ulichokipangusa vumbi kila Jumamosi. Nikapandishwa cheo nikapelekwa Karen, kwa matajiri, kusimamia walinzi wa yale maduka, na huko nimekuwa nikiwafundisha wasichana wapya wapitishe gari la tajiri bila kulitazama na wamwage chini mfuko wa mtunza bustani wake. Umeniuliza mara nyingi kwa nini sikupenda kusimulia kisa changu. Waliosimulia ni wengine, na wewe ukakipokea kwao, na kila mwaka kilizidi kunawiri.

Uliponieleza yale masomo yako, ulisema kuna moja la kupima hatari. Nikakuuliza ndio nini. Ukasema, "Ni kujua nani ataleta shida kabla hajaleta." Nilikuwa nimefanya hiyo kazi mlangoni miaka na miaka kwa kifaa kisichohisi kitu. Sijui watakufundisha nini huko, huenda wana vitu ambavyo mimi sikuviota. Nakuomba tu siku watakapokupa picha ya mtu anayekimbia, uulize anakimbia nini na anakimbilia nini. Elija hakuwa akitutoroka. Alikuwa anatukimbilia.

Mwaka jana, zile siku za baada ya uchaguzi, nilitoka Karen kwa miguu kwa kuwa magari hayakuwepo. Karibu na hapa nyumbani vijana walikuwa wamefunga barabara kwa mawe. Mbele yangu walimtoa mtu kwenye baiskeli, wakasoma kitambulisho chake wajue kabila lake, wakamkata begani kwa panga kisha wakamwacha atambae. Kikafuata changu. Yule aliyekishika alisoma jina langu polepole, herufi kwa herufi, huku panga limelala kwenye kola yangu. Sijui aliona nini. Alikitupa mtaroni akaniambia niokote niende. Nilifika nyumbani, wewe ulikuwa umejifungia ndani na kabati umelisukuma mlangoni, na baada ya kukulaza nilitoa kile kitambulisho cha Elija chini ya gazeti la droo, nikakiweka kando ya changu chenye matope. Tulizaliwa mwaka mmoja. Miaka yote sikuwa nimeona hilo.

Hata hapo sikwenda kumtafuta mkewe. Niliendelea kungoja, mpaka uliposimama mlangoni mwa jikoni na zile karatasi. Kwamba umepata nafasi ya masomo kwa damu ya yule mtu, na hujui. Hapo nilishindwa.

Leo asubuhi nilikwambia naenda kazini kuomba ruhusa. Nilikwenda Kawangware. Nilimpata kwa kuuliza kibanda cha fundi nguo anayeitwa Beatrice, haikuchukua hata nusu saa. Miaka saba ya uongo, na safari yenyewe ni nusu saa. Alikuwa kwenye cherehani, amenenepa kidogo, amevaa miwani. Hakunikumbuka. Niliweka kile kitambulisho juu ya kitambaa alichokuwa akishona, nikamwambia kila kitu, kama nilivyokwambia wewe, mpaka kule kutikisa kichwa.

Hakulia. Alisoma jina, akageuza nyuma, akasoma tena.

"Mimi nilijua ameenda na mwanamke," alisema. "Hicho kitabu chako ndicho kilinionyesha alinidanganya. Miaka saba nimemlaani. Watoto wake nimewafunza wamlaani."

Halafu akachukua pasi ya makaa, nashukuru ilikuwa baridi, akanipiga nayo usoni. Ule uvimbe juu ya jicho ulioniuliza saa sita, nikasema ni mlango wa kabati, ndio huo. Nilianguka kwenye mchanga. Akanipiga tena mgongoni, na tena. Sikuinua mkono. Watu wakaanza kujaa, unavyojua Kawangware, wa saluni, wa kinyozi, wanaume wa mkokoteni, na mmoja alikuwa ameshaokota jiwe.

"Mama Ndunge, ni mwizi?" alimuuliza Beatrice.

Nilifumba macho. Nakwambia kweli niliona ni haki, na nilikuogopea wewe tu, kwamba utarudi kutoka kusukwa ukute nyumba imefungwa. Beatrice alikuwa anahema na ile pasi mkononi. Alikuwa na sababu zote, na neno lenyewe lilikuwa limeshatolewa, alikuwa amebakiza kuitikia.

"Hapana," alisema. "Ni mgeni wangu. Endeni."

Wakaenda, Nafula. Jiwe likarudishwa chini. Ndivyo ilivyokuwa rahisi.

Akaniletea maji nioshe uso, akaketi kwenye kiti chake, na aliposema tena ilikuwa kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayepokea kazi ya kushona. "Jumatatu tunaenda polisi mimi na wewe. Utaandikisha vile umeniambia. Halafu utanisaidia kutafuta wapi walimzika." Nikakubali. Akanyoosha mkono. "Sasa ID yako niachie. Ukimaliza hayo yote utakuja uchukue."

Nilimpa. Akaviweka vyote viwili, changu na cha Elija, kwenye mkebe wa vifungo.

Kwa hiyo kesho sitafika uwanja wa ndege. Nimekwambia ni kwa sababu ya kichwa kuuma na kwamba gari la kanisa limejaa, na vyote viwili ni uongo, natumaini vya mwisho. Pale mlango wa uwanja kuna soja anayetaka kitambulisho kabla hujapita, nami sina. Nitakuaga hapa getini, nikutilie barua hii mfukoni mwa lile koti jekundu la mtumba, na utaisoma ukiwa juu, mahali ambapo huwezi kushuka.

Wanaweza kunifunga Jumatatu. Ikiwa hivyo, usirudi. Hilo nakuamuru, nalo ni moja tu. Kuhusu ile insha, sikuamulii. Unaweza kuiacha ilivyo, hakuna atakayejua, kama vile mimi hakuna aliyejua. Au unaweza kwenda kwa mwalimu wako wa kwanza huko umwambie mama yako alifanya nini hasa mlangoni, na labda wakunyime nafasi, na labda waone ndilo somo lenyewe. Cheti nimekitoa ukutani. Pamebaki alama nyeupe, utaiona ukirudi leo jioni utaniuliza, nami nitasema nakipangusa. Basi na hilo pia si kweli.

Nakupenda kuliko nilivyojua kusema. Nilikulea na hofu nikaiita ulinzi, na wewe ukakua vizuri hivyohivyo, sijui kwa neema gani.

Ukishuka, utakapofika mlango wa huko, soja akichukua kitambulisho chako, mwangalie usoni, umuulize jina lake. Ngoja akurudishie mkononi. Halafu ondoka, utembee polepole.

Mama yako